Dampo letu linasafishwa, lakini maji ya visima vyetu nani anayasimamia? Naombeni maarifa

Binti wa Bondeni

Wakuu, habari za jioni.

Nimeona nilete hili jambo humu kwa sababu najua kuna mafundi wa visima, watu wa maabara, wanasheria na waliowahi kuishi jirani na dampo. Mtaa wangu siutaji, wala halmashauri siitaji. Tuko pembezoni mwa Dar, upande ambao bomba limefika juzijuzi na bado linaweza kutoa hewa tupu wiki nzima. Kwa hiyo tunaishi kwa visima. Mwenye kisima anauzia wenzake dumu, na asiye na hela ya dumu anachota kwenye kisima kifupi cha pete bondeni.

Juu yetu kuna dampo. Lilikuwepo kabla ya nyumba nyingi, na wengine tulinunua viwanja pale kwa sababu vilikuwa bei ya chini. Hilo silifichi.

Mwaka juzi nilipika chai ya rangi kwa maji ya kisima cha jirani. Ilipochemka ikawa nyeusi kama wino wa kalamu, na ilipopoa ikafanya utando juu unaong'aa rangirangi. Nikamwaga, nikasugua sufuria, nikapika tena. Ileile. Nikapika kwa maji ya boza, ikatoka chai ya kawaida. Tangu siku hiyo sikuchota tena kwa jirani yule, na sikumwambia kwa nini, maana kisima ndicho kinachomsomeshea watoto. Leo naona nilikosea kunyamaza.

Sasa halmashauri imeleta mradi. Sehemu ya zamani ya dampo inafunikwa udongo, unachimbwa mtaro wa kukusanya maji meusi yanayochuruzika, na wamechimba visima vinne vyembamba vya kupimia maji ya chini, vina vifuniko vya chuma na kufuli. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa walikuja wakatueleza vizuri tu, kwamba maji yatapimwa kila baada ya miezi mitatu. Mzee mmoja akasimama akauliza: majibu ya vipimo tutayaona wapi? Akajibiwa kwamba yatakuwa ofisini. Akauliza ofisi ipi. Hapo mkutano ukachangamka, na mwisho wake tukachagua kamati ya watu saba kufuatilia. Mimi ni katibu.

Wakuu, nisiwafiche, tumepewa kusimamia kitu ambacho hatujui kukisoma. Ila msimamo wangu ni mmoja: kama wenye visima hawazishiki namba za maji yao wenyewe, dampo litakuwa limefunikwa tu, halijasafishwa. Tuanzie wapi? Tudai nini kwanza?

---

Fundi Pampu

Dada, pole na hongera kwa kazi. Mimi nachimba na kufunga pampu Dar na Pwani, na nimeshavuta mabomba ya visima vilivyo karibu na taka. Bomba linatoka na tope la kutu linalonuka kama yai bovu.

Kwanza uelewe kinachotokea. Mvua ikinyesha juu ya taka, maji yanapenya, yanalowesha vyakula vilivyooza, betri, rangi, majivu, yanatoka chini yakiwa meusi. Yakikuta mchanga yanazama. Dar sehemu kubwa ni mchanga, na chini yake mahali pengi kuna tabaka la mfinyanzi, kisha mchanga mwingine. Kisima kifupi kinakunywa mchanga wa juu. Kisima kirefu kinakunywa wa chini. Watu wanadhani mfinyanzi unawalinda moja kwa moja. Unalinda kama haujatobolewa, lakini sisi wachimbaji tumeutoboa kila mahali. Tangu ukame wa 1997 Dar imechimbwa visima kama ungo. Kisima kilichochimbwa bila kuzibwa vizuri pembeni ya bomba ni mfereji wa kushusha uchafu wa juu mpaka chini.

Chai yako iligeuka nyeusi kwa sababu ya chuma. Maji yaliyokosa hewa yanayeyusha chuma kutoka kwenye mchanga, na chuma kikikutana na majani ya chai kinatoa rangi ya wino. Chuma chenyewe si sumu kubwa, ila ni dalili kwamba maji yamekosa hewa, na uozo wa taka ni sababu mojawapo ya hilo.

Swali la kwanza la kamati: vile visima vinne vya kupimia viko upande gani wa dampo? Kisima cha kupimia kikiwekwa upande ambao maji YANATOKA kuja dampo, kitaleta majibu safi miaka yote. Inatakiwa kimoja tu kiwe huko, cha kulinganishia. Vingine vyote viwe upande ambao maji yanaelekea, yaani kati ya dampo na nyumba zenu.

---

Kaka wa Segerea

Wakuu naheshimu mchango, lakini tusiwe wepesi kulisingizia dampo. Uswahilini kwetu choo cha shimo kiko mita sita kutoka kisimani, na cha jirani mita nne. Maji machafu ya visima vya Dar yanajulikana kabla hata ya hayo madampo. Kamati ikienda na kelele za dampo, watapima wakute vinyesi, halafu wataambiwa rudini mkajenge vyoo. Na watakuwa sahihi.

---

Meza ya Maabara

Kaka wa Segerea ana hoja, na nashukuru ameileta, kwa sababu ndiyo hoja watakayorushiwa. Jibu lake ni kupima vitu sahihi.

Choo cha shimo kwenye mchanga wenye hewa kinakupa zaidi naitreti, yaani nitrojeni iliyokutana na hewa, pamoja na vijidudu vya kinyesi. Maji ya dampo hayana hewa, kwa hiyo nitrojeni yake inabaki kuwa amonia. Ukikuta amonia juu, chuma juu, manganizi juu, potasiamu juu na kloridi juu, tena vyote vinapanda kadiri unavyokaribia dampo, hapo choo cha jirani hakiwezi kubeba lawama peke yake. Ukikuta naitreti kubwa na vijidudu lakini amonia hakuna, shughulikieni vyoo. Na mnaweza kukuta vyote viwili katika kisima kimoja.

Kloridi ina faida moja: haishikwi na udongo, inasafiri na maji kwa mwendo wa maji yenyewe, kwa hiyo inafika mapema kabla ya vingine. Metali kama risasi zinashikwashikwa njiani. Kisima kinaweza kuonyesha kloridi inapanda leo, risasi isionekane, na mtu akakwambia maji yako salama. Kwa leo huenda ni kweli. Lakini ile kloridi inakupa taarifa ya kinachokuja nyuma. Ila kama mko karibu na bahari angalieni, chumvi ya bahari nayo ni kloridi, ndiyo maana nasema msitegemee kipimo kimoja.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba majibu yanaharibika kisimani kabla ya kufika maabara. Kisima chembamba kilichokaa miezi mitatu kimejaa maji mfu. Inatakiwa kwanza uyatoe, kwa kawaida mara tatu ya ujazo uliomo, ndipo uchukue sampuli. Chupa ya metali inatiwa tindikali kidogo ili metali isigande kwenye ukuta wa chupa. Chupa ya vijidudu lazima iwe imetakaswa, ikae kwenye kisanduku cha barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Kila chupa iwe na karatasi yake: imechukuliwa saa ngapi, na nani, ikakabidhiwa kwa nani. Kamati isipokuwepo hapo, ikipewa karatasi ya majibu baadaye itakuwa inasoma hadithi tu.

---

Mama Pacha

Samahani wataalamu, mimi nakaa upande wa dampo jingine. Nina watoto wa miezi minne, maziwa yangu hayatoshi nawaongezea ya kopo. Maji nachemsha sana, yanachemka mpaka dakika ishirini. Hivyo si sawa?

---

Meza ya Maabara

Dada Mama Pacha, nisikilize kwa makini. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni jema, endelea. Lakini naitreti haiuawi kwa moto, wala risasi. Ukichemsha dakika ishirini maji yanapungua na naitreti inabaki, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa nayo zaidi. Chemsha mpaka yatokote vizuri, epua. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, maana damu yao inaweza kushindwa kubeba hewa. Ukiona mtoto midomo au kucha zinageuka samawati, kimbia hospitali usingoje. Na mpaka kisima chako kipimwe, kwa hao wawili tu tafuta maji ya chanzo kingine. Kwa siku ni lita chache. Unyonyeshaji nao usiuache.

---

Mama Pacha

Nimekuelewa. Asante sana, Mungu akubariki. Kesho nazungumza na baba yao tununue ya chupa kubwa kwa ajili ya wao tu.

---

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mimi nimekaa Tabata miaka mingi. Nawaletea historia kidogo kwa sababu jambo hili lina wazee wake.

Dampo la jiji lilikuwa Tabata. Moshi mchana na usiku, inzi mpaka kwenye sahani. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, mwaka 1988. Wakashinda. Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka pale na kutafuta mahali pasipo na madhara kwa watu. Lakini baada ya hukumu, magari ya taka yaliendelea kuja. Jiji likarudi mahakamani kuomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena. Ilifika 1991 ndipo Jaji Lugakingira alipokataa kabisa, akashangaa kwamba mamlaka ya umma inasimama mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuendelea kuhatarisha maisha ya watu.

Basi taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa kule nao, Festo Balegele na wenzake 794, wakafungua kesi mwaka huohuo wa 1991, na mahakama ikasimamisha. Safari hiyo ilitajwa ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Baada ya hapo zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi.

Nataka mzione kesi hizo kwa jicho jingine. Zote mbili zilihusu magari kuacha kuja. Hakuna aliyeuliza kilichobaki ardhini. Tabata magari yaliondoka, watu wakashangilia, wakajenga. Mimi mwenyewe nilishangilia. Sikumbuki hata siku moja mtu kusimama kwenye mkutano akauliza juu ya maji ya chini. Ndiyo maana swali la yule mzee wenu, "majibu tutayaona wapi", limenigusa. Sisi hatukuwa na mzee wa kuuliza hivyo.

---

Binti wa Bondeni

Shikamoo Mwalimu. Maneno yako nimeyasoma mbele ya kamati jana usiku, mzee mwenyewe alikuwepo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimsomee tena.

Fundi Pampu, tumefanya kazi yako ya nyumbani, na nina jambo zito la kuripoti. Nitaandika kesho, leo nimechoka mno.

---

Mwanachangamwe

Salaam kutoka Mombasa. Nawapa pole na nawapa moyo pia.

Kwetu mwaujua mtaa wa Owino Uhuru, pale Mikindani. Si dampo, kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, lakini kisa ni kimoja: risasi ardhini, risasi majini, watoto wagonjwa. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa palepale kiwandani, ndiye aliyesimama na wanakijiji. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikapanda rufaa, ikapinduliwa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia Desemba 2024.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame ni amri ya pili katika hukumu ile ya 2020, ambayo watu huipita haraka. Wahusika walipewa miezi minne wasafishe udongo na maji na kuondoa taka. Wasipofanya, walipe shilingi milioni 700 zaende kwa shirika lililosimama na wanakijiji, lisimamie usafishaji. Mwaona? Mahakama ilifikiria mapema: mchafuzi akikaa, ni nani atashika pesa na ni nani atasafisha.

Nanyi ulizeni mkataba wa mradi wenu. Mkandarasi akimaliza kufunika akaondoka na kisima cha kupimia kikaleta majibu mabaya miaka mitatu baadaye, ni nani atalipa? Kama hapana jibu, basi mwasimamia kazi ambayo mwisho wake haupo.

---

Kaka wa Segerea

Hoja ya Mwanachangamwe nimeikubali. Na Meza ya Maabara nakushukuru, nilikuwa naamini ukikuta uchafu kisimani huwezi kujua umetoka wapi. Binti, tunasubiri hiyo ripoti.

---

Binti wa Bondeni

Wakuu, nimerudi.

Jumamosi tuliamka saa kumi alfajiri. Fundi Pampu alitushauri kwa simu: pima kina cha maji kabla watu hawajawasha pampu, maana kisima kikivutwa maji yanashuka na kukudanganya. Usiku tulipita nyumba kwa nyumba kuomba pampu zisiwashwe mpaka saa mbili. Nyumba kumi na moja zilikubali. Moja ilikataa, na ile niliyoacha kuchota tangu siku ya chai ilikubali kabla sijamaliza sentensi. Nilimweleza jirani yangu kisa cha chai palepale mlangoni. Akaniambia hata yeye anaijua, yeye hupikia watoto wake maji ya boza.

Tulikuwa na kamba ya nailoni tuliyoifunga fundo kila mita moja, na mwishoni nati nzito. Unaishusha, unasikiliza. Nati ikigusa maji inalia "tup", unabana kamba kwa vidole usawa wa mdomo wa kisima, unaitoa, unahesabu mafundo, na kipande kilichobaki unakipima kwa futi ya fundi cherehani. Shida ni kwamba midomo ya visima haiko usawa mmoja, bonde linashuka. Hapo kijana mmoja fundi ujenzi akaleta mpira wa maji, ule mweupe wa kusawazishia misingi. Tukaanza kisima kimoja mpaka kingine, hatua kwa hatua, nguzo hadi nguzo, tukapata tofauti za midomo. Ilituchukua mpaka saa nne na nusu.

Kisha tukachora kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani kwa mtendaji. Usawa wa maji unashuka kutoka dampo kuja bondeni kwetu. Tulitegemea hivyo, lakini kuona namba tulizozipima wenyewe zinasema hivyo, mama mmoja alikaa chini.

Halafu tukaweka visima vya mradi kwenye karatasi. Vinne. Vitatu viko upande wa juu wa dampo, karibu na barabara ambako gari la kuchimbia linapita kwa urahisi. Cha nne kiko pembeni. Kati ya dampo na nyumba zetu, hakuna hata kimoja.

Sitaki kusema ni njama. Inawezekana aliyechagua sehemu alifuata barabara tu. Lakini vingepimwa miaka kumi vikaleta majibu mazuri, na sisi tungeoneshwa majibu hayo.

Naombeni sasa upande wa sheria. Tukiomba karatasi, tunaomba kwa nani?

---

Wakili Kijana

Dada katibu, kazi mliyofanya ni ushahidi, itunzeni. Pigeni picha karatasi ile, waliokuwepo wote waweke sahihi na tarehe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa haki ya kuchukua hatua pale inapovunjwa. Huhitaji kungoja uugue kwanza. Maji ya ardhini yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kwa Dar bodi inayohusika ni ya Bonde la Wami/Ruvu. Baraza la mazingira, NEMC, ndilo linalosimamia tathmini ya athari ya mradi. Kwa hiyo barua yenu iende halmashauri, nakala bodi ya bonde, nakala NEMC, nakala kwa diwani. Isipite kwa mdomo, ipite kwenye masijala na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Mwombe vitu vinavyotajika: ramani ya visima vya kupimia, majibu yote ya maabara tangu kipimo cha kwanza, orodha ya vinavyopimwa, na kifungu cha mkataba kinachosema kazi itaangaliwa miaka mingapi baada ya kukabidhiwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Ukiomba "taarifa za mradi" utapewa kipeperushi.

Na ombeni kwa heshima. Wahandisi wengi wa halmashauri hawana shida na kamati inayokuja na vipimo. Wanachokichoka ni mkutano wa kupigiwa kelele.

---

Msafiri wa Minnesota

Nawasoma kutoka Marekani. Huku niliko, vitongoji vya mashariki ya Saint Paul, kuna kisa kinachofanana mno na chenu kwa jambo la muda.

Lake Elmo kulikuwa na dampo la kaunti ya Washington. Lilifungwa 1975. Kampuni ya 3M ilikuwa imetupa pale taka zenye kemikali za PFAS, zile zisizooza. Zaidi ya miaka 25 baada ya kufungwa ndipo zilipokutwa kwenye visima vya watu. Jimbo likachukua jukumu, na kuanzia 2009 taka zikachimbuliwa zikapangwa upya juu ya matabaka ya kuzuia maji. Visima vya majumbani vikawekewa vichujio vya mkaa. Jimbo likaishtaki 3M, na Februari 2018 wakamalizana kwa dola milioni 850.

Kilichonivutia ni namna zile pesa zilivyopangiwa matumizi. Kiliundwa kikundi cha kazi cha serikali za miji na kingine cha wananchi na wafanyabiashara wa eneo, wakawa wanakaa na wataalamu wa jimbo kujadili mji upi uunganishwe bomba, visima vipi viwekewe vichujio, nani aanze. Kumbukumbu za vikao na namba ziliwekwa wazi. Watu waligombana sana humo ndani. Lakini mtu wa kawaida mwenye kisima aliweza kujua kisima chake kina kiasi gani na kimepangiwa nini.

Miaka 25, dada. Kamati yenu iandikwe kwa namna ambayo ninyi saba mkihama au mkifa, itabaki.

---

Mwalimu Mstaafu

Hilo la mwisho mlishike. Daftari liwe mali ya mtaa, lisiwe mali ya katibu. Nimeona kamati nyingi zikifa kwa sababu daftari lilihama na mwenye nalo.

---

Binti wa Bondeni

Wakuu, imepita wiki ya saba. Natoa mrejesho.

Barua ilipokelewa na mhuri tunao. Siku ya ishirini na tatu alikuja mhandisi mshauri wa mradi, kijana, na ramani yake. Tukampeleka kwenye karatasi ya manila. Aliitazama, akauliza midomo ya visima tumesawazisha kwa kifaa gani. Fundi ujenzi akamwonyesha mpira. Akacheka kidogo, kisha akainama akaomba tumsomee namba moja moja, naye akaandika. Kesho yake alirudi na kifaa cha kwake cha miguu mitatu. Namba zetu zilitofautiana na zake kwa upana wa kiganja mahali pamoja, kwingine pungufu ya hapo. Mwelekeo ukabaki uleule.

Wiki iliyopita wamechimba kisima cha tano, na juzi cha sita, bondeni, hatua kama arobaini juu ya nyumba ya kwanza. Haikuwa rahisi, walisema bajeti haina, diwani akaingilia. Visima vingine viwili tulivyoomba bado hawajakubali.

Jana wamechukua sampuli ya kwanza, nasi tukiwepo. Nawaeleza nilichokiona. Walishusha pampu ndogo, wakaacha maji yamwagike kwenye ndoo ya lita 20, tukahesabu ndoo. Ya kwanza ilitoka na mchanga, ya pili kijivu, ya tatu ikatulia ikawa angavu kabisa. Angavu, wakuu. Mtu angekunywa. Lakini ilikuwa inanuka kama mkojo uliolala, na mtaalamu alipochovya kile kifaa kinachofanana na kalamu nene, kinachopima chumvi, alikitazama, akakisuuza, akachovya mara ya pili. Kisha akatazama dampo, akatazama nyumba zetu. Hakusema kitu na sisi hatukumlazimisha. Namba aliyoisoma aliiandika kwenye karatasi yake na mimi kwenye daftari, ikiwa kubwa mara nyingi kuliko ya kisima cha juu barabarani. Chupa zimekwenda maabara mbili tofauti, karatasi za makabidhiano tunazo nakala.

Majibu yakija yatabandikwa ukutani kwa mtendaji, yawe mazuri au mabaya, pamoja na ya visima vya watu waliokubali kupimiwa. Jirani yangu wa chai ndiye wa kwanza kuandikisha jina. Ameacha kuuza maji ya kunywa, anauza ya kufulia na kujengea tu, na kipato kimeshuka. Tunaongea na halmashauri kuhusu boza la bure kwa nyumba tisa za bondeni wakati tunasubiri. Hilo ndilo ninalolipigania sasa kuliko yote, kwa sababu maabara inaweza kungoja, mtoto anakunywa leo.

Daftari, Mwalimu, linakaa kwenye kabati la ofisi ya mtaa. Funguo ni mbili.

Mwisho wa mwezi, kabla vuli haijaanza, tunapima tena kina cha visima vyote, saa kumi na moja alfajiri. Kamba yetu ni fupi kwa kisima cha sita. Kama kuna mkuu yeyote yuko karibu na Gongo la Mboto ana kamba ya mita 40, aniandikie inbox.

---

Fundi Pampu

Ninayo. Na kifaa cha kulia chenyewe kikigusa maji ninacho pia. Nakuja nacho. Nitumie sehemu.